"Si Anakunywa? Atarudi Tu Jela"

Huku Funyula mtu akitoka jela, kabla hajafika kwao watu washamhukumu tena: "Huyo atarudi tu, si anakunywa?" Hiyo "si anakunywa" ina historia, na ningependa tuiangalie vizuri.

Mwaka 1980, enzi za Moi, bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Kupika, kuuza, kuwa nayo nyumbani: kosa. Sasa chukua mama wa hapa Samia mwenye karo ya kulipa. Anapika, anashikwa, anapigwa faini. Pesa ya faini anaitoa wapi? Kwa mtungi ule ule. Anashikwa tena. Kwa faili ya korti huyo ni mhalifu wa kurudia, na chanzo kinaandikwa pombe. Manze, hapo hakuna kilichotabiriwa. Kitu kimoja kimehesabiwa mara mbili.

2010 ikaja sheria ya Mututho, chang'aa ikahalalishwa. Lakini na masharti: leseni, na chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Nani kijijini ana hizo chupa? Kwa hivyo mama ni yule yule, karao ni wale wale, kosa tu ndilo lilibadilisha jina. (Na waragi inavuka mpaka pale Busia kama kawaida.)

Sisemi ulevi hauna shida. Kuna msee anaiba kuku wa jirani ndiyo apate ya kunywa, na huyo asipotibiwa atarudi kweli. Andrews na Bonta, wanasaikolojia wa Canada, waliweka pombe na dawa za kulevya kati ya mambo nane yanayoonyesha nani atarudia kosa. Lakini haimo kwa yale manne mazito. Wenzako wa uhalifu unaorudi kukaa nao wamo.

Kinachoniuma ni kwamba mageuzi ya magereza yana mkono wa Funyula. Moody Awori, mbunge wetu hadi 2007, ndiye aliyeyasukuma akiwa Makamu wa Rais na Waziri wa Mambo ya Ndani, wafungwa wakapata magodoro na televisheni. Ya ndani yakaguswa. Nje, jamaa anarudi kwa benchi lile lile na wenzake wale wale. Afisa wa probesheni akija kuuliza habari zake anaambiwa ni mlevi, na hakuna anayemwambia kwamba tangu atoke hajapewa hata kibarua cha kulima.