Punda milia wa Laikipia na vita vya itifaki

Leo tuweke msimbo kando, tusome historia. Ukitaja mitandao isiyo na waya ambayo nodi zake zinatembea, wengi hufikiria maabara za Marekani. Kumbe mojawapo ya majaribio yake mashuhuri yalifanyika hapa hapa Kenya, na waliobeba vifaa walikuwa punda milia!

Kwanza tatizo lenyewe. Katika mtandao wa aina hii hakuna mnara. Kila kifaa hupokea pakiti na kuipitisha kwa jirani. Sasa, kitaijuaje njia? Mwaka 1994 Perkins na Bhagwat walileta DSDV, ambayo kila nodi hutunza jedwali la njia zote muda wote. Baadaye zikaja DSR na AODV, ambazo hutafuta njia pale tu inapohitajika. Mwaka 1998 watafiti wa Carnegie Mellon walizilinganisha kwa kuiga nodi 50 ndani ya kompyuta. DSDV ilifanya vizuri nodi zilipotulia, ikalemewa zilipokwenda mbio. DSR na AODV zilistahimili.

Lakini zote zinadhani kwamba njia nzima ipo, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa wakati mmoja. Huko mbugani haipo. Makundi ya punda milia hutawanyika, na hakuna mnara wa kuyaunganisha.

Hapo ndipo Chuo Kikuu cha Princeton kilipoanzisha ZebraNet. Januari 2004 walifika Laikipia wakawafunga punda milia mikanda ya shingoni yenye GPS, redio na sola. Wanyama wawili wakikaribiana, mikanda hubadilishana data. Gari la watafiti likipita, hukusanya data ya yule aliye karibu pamoja na ya wenzake wa mbali.

Katika makala yao ya 2002 walikuwa wamelinganisha mbinu mbili kwa kuiga. Ya kwanza ni mafuriko: mpe data kila unayekutana naye, kama uvumi katika soko la Kakamega. Ya pili hutazama historia: mpe yule aliyekutana na gari hivi karibuni. Ukiwa na mzigo wa kwenda Shinyalu humpi kila mpita njia. Unamtafuta mtu wa boda boda ambaye huenda huko mara kwa mara.

Matokeo? Mafuriko yalifikisha data nyingi pale nafasi na kasi ya redio vilipotosha, lakini yalikula nguvu nyingi zaidi. Kasi ilipokuwa finyu, historia ilishinda. Na punda milia hana soketi ya kuchajia!

Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana itifaki ipi ni bora, waulize kwanza: bora kwa nani, na ni kipi kilicho haba? Ukitaka kuweka vihisio katika msitu wetu wa Kakamega, ambako miti hufyonza mawimbi, anza na swali hilo kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu.

Haya, tukutane tena.