Kabohaidreti
nm [i-/zi-] Jamii ya kampaundi za kaboni, hidrojeni na oksijeni: sukari, wanga, selulosi. Mazoea huiita jamii nzima "wanga", na hapo tafsiri huweza kudhuru: mgonjwa wa kisukari anayeandikiwa "punguza wanga" huenda akapunguza ugali na kuendelea na asali. (Wanga, wingi wa mwanga, "mchawi", ni neno jingine.)

Katika shamba la uwele huko Chamwino, punje imejaa wanga, bua limejaa selulosi. Zote mbili ni polisakaridi, minyororo ya glukosi, ila zimeungwa kwa namna tofauti. Vimeng'enya vya binadamu hukata wanga tu. Bua huachiwa ng'ombe, ambaye bakteria wa tumboni humvunjia selulosi. Glukosi yenyewe ni monosakaridi. Sukari ya mezani, yenye glukosi na fruktosi, ni daisakaridi.