Kinachovuta Kinakunywa Nini?

Mwaka jana abti alileta nyumbani trela ya magurudumu mawili, imechomelewa juu ya ekseli ya gari kuukuu, na hakuwa na kitu cha kuivuta. Kazi yetu ni miti ya kivuli, miarubaini hasa. Tunapanda, tunapogoa, tunazungushia ua wa miiba mbuzi wasimalize, na tunamwagilia mpaka mche usimame wenyewe. Wateja ni shule, zahanati na watu wenye maboma hapa Tarbaj. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini nyumbani bado nahesabiwa msomi, kwa hiyo hesabu zote huletewa mimi. Na hii ikaja: tununue nini cha kuvuta?

Nikakesha na simu. Tangi letu la lita 1,000 likijaa ni tani moja ya maji, kabla hujahesabu trela yenyewe, mbolea ya mbuzi na majembe. Probox kila mtu anaijua, lakini yetu ya huku huvuta kwa magurudumu ya mbele. Ukiilemea nyuma, mbele inakuwa nyepesi, na kwenye mchanga wa laga itabaki inajichimbia kaburi. Tuktuk ndiyo usiseme. Pikapu ya Land Cruiser ingeweza, ila bei yake ni kundi la ngamia, si ngamia. Halafu kuvuta si kazi kubwa kama kusimama: trela isiyo na breki inakusukuma unapotaka kutulia, na ukipakia uzito mwingi nyuma ya ekseli inaanza kuyumba hadi inalivuruga gari zima.

Nikampelekea abti hesabu zangu. Alisikiliza yote, akauliza kitu kimoja: "Hiyo inakunywa nini?"

Nilidhani anaongelea dizeli. Hapana. Alikuwa anauliza swali ambalo watu wa huku wameuliza kwa vizazi.

Zamani hapa mzigo haukuvutwa, ulibebwa mgongoni. Awr, ngamia dume wa mizigo, alibeba nyumba nzima: fito zilizopindwa, mikeka, vyombo, na mtoto mdogo juu yake. Waliompakia ni wanawake, kwa sababu nyumba ilikuwa yao, na ayeyo bado anaweza kukuonyesha fundo la kamba ambalo mimi nimeshindwa kulijifunza. Ngamia hakuchaguliwa kwa nguvu tu. Angeweza kutembea siku nyingi bila maji. Hata Waingereza walipoweka kituo Wajir mwaka 1912, pale kwenye visima, doria zao zilitegemea ngamia hao hao.

Kisha serikali ikaingia kwenye hesabu. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki. Katika ile vita iliyoitwa ya shifta, mifugo ilitaifishwa na ngamia wakapigwa risasi, na kuanzia 1966 watu walikusanywa kwenye vijiji vilivyolindwa na askari. Familia isiyo na awr haihami. Inakaa pale ilipo, na ukikaa, maji lazima yakufuate. Mimi naona mkokoteni wa punda ulipata nafasi yake hapo, ingawa sijaona kitabu kilichoandika hivyo.

Lori nalo lina historia yake, na si ya biashara tu. Februari 1984 wanaume wa jamii ya Degodia walikamatwa Wajir na kupelekwa kwa malori hadi uwanja wa ndege wa Wagalla. Wengi hawakurudi. Kwa hiyo mzee akikaa kimya ukimtajia lori, usimharakishe.

Turudi kwa punda. Kwa Kisomali mkokoteni wake ni gaari dameer, gari la punda, na hilo neno gari sisi na Waswahili wa Pwani tumelipata kutoka India. Dharau anayopata punda ni kubwa kuliko jasho lake. Boza likileta maji, linamwaga kwenye tangi la kijiji na kuondoka. Kutoka hapo hadi mlangoni kwa mtu ni punda, na mara nyingi nyuma yake kuna mama au kijana anayelisha nyumba kwa mkokoteni huo mmoja.

Ndiyo maana lile suala la ngozi lilituuma. Kuanzia 2016 Kenya iliruhusu machinjio ya punda, ngozi ziende China kutengenezewa dawa inayoitwa ejiao. Wizi ukaenea nchini. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ile ya 2019 ikapata takriban milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara hiyo bara zima. Wakati kesi zinaendelea mahakamani, huku misimu mitano ya mvua ilikuwa inashindwa mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, na aliyepoteza punda wake wakati huo alipoteza bomba la nyumba.

Sasa hesabu ya abti. Punda hunywa kama lita 20 kwa siku, yaani mtungi mmoja. Akibeba mitungi kumi kwa safari, ameshajilipia kabla ya jua kuwaka. Dizeli inatoka mbali, na mvua zilipokuja mwishoni mwa 2023 barabara zilikatika, malori yakalala kwenye tope. Lami ya Isiolo hadi Mandera, zaidi ya kilomita 700, inajengwa na inapita hapa hapa Tarbaj. Ikikamilika nitamrudia abti na ile pikapu yangu, na nadhani nitashinda.

Kwa sasa tumenunua punda wawili. Trela ilikuwa nzito kwao, fundi akaikata ikabaki nusu, akatoboa ekseli kufunga mti wa katikati. Lile tangi la lita 1,000 halitembei tena, limekaa nyuma ya nyumba chini ya mwarubaini. Asubuhi tunateka humo, na mtungi wa kwanza ni wa punda.