Jinsi vilabu vya Rotary vinavyoendesha mabadilishano ya wanafunzi

MPANGO wa Rotary wa mabadilishano ya vijana ni utaratibu unaomwezesha mwanafunzi wa shule ya sekondari kuondoka nchini mwake na kwenda kuishi ugenini, katika nyumba za watu asiowajua, huku akisoma katika shule ya mahali hapo kwa muda unaokaribia mwaka mmoja. Haukuanzishwa na serikali wala hauendeshwi na kampuni. Kazi yote, tangu kumhoji mwombaji hadi kumlaki mgeni katika uwanja wa ndege, hufanywa na watu wa kujitolea wasiolipwa hata senti. Mzazi anayejaza fomu ana haki ya kuuliza ni nani hasa anayekabidhiwa mtoto wake wa miaka 16, na ni nini kinachomfunga mtu huyo kutimiza ahadi maadamu halipwi.

Rotary ilianzishwa mjini Chicago, Marekani, mnamo Februari 23, 1905 na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu. Jina lenyewe lilitokana na desturi ya wanachama wa awali kukutana kwa zamu katika afisi zao. Klabu ya Nairobi ilipata hati yake mwaka wa 1930. Vilabu hukusanywa katika wilaya, na Kenya imo katika Wilaya 9212 pamoja na Ethiopia, Eritrea na Sudan Kusini. Wilaya hiyo ilizaliwa mwaka wa 2013 baada ya Wilaya 9200, iliyokuwa na Uganda na Tanzania pia, kugawanywa. Kila wilaya huongozwa na gavana. Msomaji asimchanganye kiongozi huyo na gavana wa kaunti, kwani huyu wa Rotary hana mshahara na muda wake ni mwaka mmoja tu.

Mabadilishano ya kwanza yaliyowekwa kwenye kumbukumbu yalianzishwa na klabu ya Nice, nchini Ufaransa, mwaka wa 1927, baina ya wanafunzi wa Ulaya. Mnamo 1939 vilabu vya California vilianza kubadilishana vijana na nchi za Amerika ya Kilatini. Vita Vikuu vya Pili vilikatiza safari za Ulaya, zikarejea mwaka wa 1946. Ilikuwa mwaka wa 1972 tu ambapo halmashauri kuu ya Rotary iliupendekeza mpango huo kwa vilabu vya ulimwengu mzima.

Mfuatano huo wa miaka unaeleza mengi. Vilabu ndivyo vilivyotangulia, makao makuu yakafuata miaka 45 baadaye, na hadi leo hii hali haijabadilika. Makao makuu, yaliyoko Evanston katika jimbo la Illinois, hutunga kanuni na kuidhinisha wilaya, lakini hayamtumi wala kumpokea mwanafunzi yeyote. Mwanafunzi hutumwa na klabu moja, akapokewa na klabu nyingine, wilaya zao zikiwa zimepatana. Mpango huu sasa unagusa zaidi ya nchi 100, na kila safari ni makubaliano ya watu wachache wanaojuana kwa majina.

Kuna safari za aina mbili. Ile ndefu huchukua mwaka wa masomo, nayo fupi huweza kuwa ya siku kadhaa au wiki hadi miezi mitatu, mara nyingi wakati wa likizo. Umri unaokubalika ni kati ya miaka 14 na 19, ingawa nchi nyingi hupunguza upana huo kwa wanaokwenda kwa mwaka mzima. Si lazima mzazi wa mwombaji awe mwanachama wa Rotary.

Kiini cha mpango ni kubadilishana. Klabu inayotaka kumtuma kijana wake inatarajiwa kumpokea wa wenzao. Wengi husahau upande huu wa pili, ambao kwa hakika ndio mgumu. Kupata vijana wanaotamani kusafiri si kazi. Kazi ni kupata familia zilizo tayari kumlisha mtoto wa watu kwa miezi mitatu au minne bila malipo, kumpa mahali pa kulala panapofaa, na kumhesabu kuwa mwana wa nyumbani. Klabu isiyoweza kupata familia kama hizo haiwezi kuendelea kutuma vijana, hata waombaji wake wawe hodari namna gani.

Magazeti na hata walimu wakuu aghalabu huuita mpango huu ufadhili wa masomo. Jina hilo halifai, na madhara yake si ya lugha pekee. Anayesikia ufadhili hutarajia kulipiwa kila kitu na kurudi na cheti. Katika mabadilishano haya, familia ya mwanafunzi hulipa nauli ya kwenda na kurudi, bima, pasipoti na viza, na katika wilaya nyingi huweka akiba ya dharura. Klabu mwenyeji humtafutia shule, hugharimia karo pale inapotozwa, na kumpa posho ndogo ya kila mwezi. Chakula na malazi ni juu ya familia zinazompokea. Anayeujua mgawanyo huu si rahisi kulaghaiwa na wakala anayedai ada ili amtafutie mtoto wake nafasi. Nafasi hutolewa na klabu, baada ya maombi ya maandishi na mahojiano ambayo mzazi pia hukalishwa mbele ya kamati.

Udhaifu mkubwa wa kiutendaji uko kwenye kalenda. Mwaka wa Rotary huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, na viongozi wa vilabu hubadilika siku hiyo. Mwanafunzi anayekwenda Ulaya au Amerika ya Kaskazini hufika mnamo Agosti. Maana yake ni kwamba rais wa klabu aliyetia sahihi fomu ya dhamana mwanzoni mwa mwaka huenda amekwisha kuondoka madarakani mgeni anapotua, naye mrithi wake huenda hakuwahi kuisoma fomu hiyo. Ndiyo sababu wilaya zenye uzoefu humwacha mwenyekiti wa kamati ya mabadilishano katika kiti chake kwa miaka kadhaa, na kumtaka amjue mwenzake wa upande wa pili kiasi cha kuweza kumpigia simu usiku wa manane.

Juu ya yote hayo kuna suala la usalama. Kwa miongo mingi iliaminiwa kwamba mwanachama wa klabu ya hisani ni mtu mwema, basi. Imani hiyo haikutosha. Visa vya wanafunzi kudhulumiwa kingono vilipojulikana, Rotary ilikaza kanuni zake katika muongo wa kwanza wa karne hii, na sasa wilaya isiyo na idhini ya makao makuu hairuhusiwi kushiriki. Kila mtu mzima anayeishi katika nyumba itakayompokea mwanafunzi huchunguzwa, awe mwanachama au la, ikiwemo rekodi yake ya uhalifu pale sheria inaporuhusu. Nyumba hutembelewa kabla ya mgeni kufika na hata baada ya kufika, mara nyingine bila taarifa. Tuhuma yoyote ya dhuluma huripotiwa kwa vyombo vya sheria, na makao makuu kuarifiwa katika muda wa saa 72.

Kila mwanafunzi pia hupewa mshauri kutoka klabu mwenyeji. Mshauri huyo haruhusiwi kuwa wa familia inayompokea, wala kuwa na mamlaka mengine juu yake, mathalani kuwa mkuu wa shule yake. Busara ya kanuni hiyo ni dhahiri: mtoto mwenye malalamiko kuhusu nyumba anamolala asilazimike kuyapeleka kwa mwenye nyumba. Kadhalika hupewa majina ya watu wawili wasio wanachama, mwanamume na mwanamke, anaoweza kuwaendea iwapo hawaamini wote waliomzunguka. Mzazi akiwa na nafasi ya kuuliza maswali mawili tu, aulize iwapo wilaya zote mbili zimeidhinishwa, na mshauri wa mwanawe ni nani.

Mwanafunzi naye ana masharti yake. Manne hujulikana kote: asinywe pombe, asitumie dawa za kulevya, asiendeshe gari, na asijiingize katika mahusiano ya kimapenzi. La kuendesha gari huwashangaza vijana wa Marekani wanaozoea kushika usukani wakiwa na miaka 16, lakini linatokana na bima na dhima ya kisheria. Anayevunja sharti huweza kurejeshwa kwao mara moja, na tikiti ya kurudi huwa tayari mkononi.

Mwaka wa 2020 maradhi ya Covid-19 yalisimamisha safari na vijana wengi wakalazimika kurudi makwao kabla ya wakati. Vilabu vilipoanza tena vilikuta baadhi ya familia zilizozoea kupokea wageni zimekwisha kukata tamaa au kuzeeka, ikabidi kutafuta nyingine na kuzichunguza upya.

Kwa mwanafunzi wa Kenya, hesabu ngumu ni ya shule. Mwaka wetu wa masomo huanza Januari, wa nchi za kaskazini huanza Agosti au Septemba, na yule anayekwenda huko hukata miaka miwili ya masomo ya hapa kati. Masomo aliyoyapata ugenini kwa kawaida hayahesabiwi katika mtihani wa kitaifa, hivyo anaporudi huwakuta wenzake wamempita darasa. Australia, ambako masomo huanza mwishoni mwa Januari au Februari, inalingana na kalenda yetu vizuri zaidi. Makubaliano na mwalimu mkuu kuhusu darasa atakaloingia mwanafunzi akirudi yafaa yaandikwe kabla ya tikiti kununuliwa, kwa sababu walimu wakuu nao huhamishwa.