Chura wa Kihansi: Kiumbe aliyetoweka porini akarejeshwa kutoka Marekani

CHURA wa Kihansi ni miongoni mwa viumbe adimu duniani. Makazi yake ya asili ni ardhi oevu isiyozidi hekta chache, ndani ya Korongo la Kihansi katika Milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Morogoro na Iringa.

Chura huyo, ambaye jina lake la kisayansi ni Nectophrynoides asperginis, ana rangi ya manjano. Jike hufikia urefu wa sentimita 2.9 tu. Tofauti na vyura wengi, hatagi mayai majini, bali huzaa watoto waliokwishakamilika viungo.

Aligunduliwa mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ukiwa umekwishaanza. Uhai wake ulitegemea manyunyu ya maporomoko, yaliyolowesha majani na miamba usiku na mchana. Mradi huo wa megawati 180 ulizinduliwa mwaka 2000. Takriban asilimia 90 ya maji ya mto yalielekezwa kwenye mitambo, na makazi ya chura yakaanza kukauka.

Mwishoni mwa mwaka huo, vyura 499 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Hatua hiyo ilizua mjadala mkali nchini, baadhi ya watu wakihoji sababu ya kumgharamia chura wakati wananchi wanahitaji umeme.

Mwaka 2001 yalifungwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, na vyura wakaongezeka. Juni 2003 walikadiriwa kuzidi 17,000, lakini katika miezi michache iliyofuata karibu wote waliangamia. Ugonjwa wa ngozi unaoenezwa na kuvu aina ya kitridi unatajwa kuwa chanzo kikuu. Mwaka 2009, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN) ulitangaza kuwa chura huyo ametoweka porini.

Waliosalia ni wale wa bustani za Bronx na Toledo. Mwaka 2010, vyura 100 walirejeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 maelfu yao wakaachiwa Kihansi.

Hata hivyo, kurejea huko si mwisho wa hatari. Kuvu hao wangali tishio, na manyunyu ya mabomba yakikatika, chura huyo hana makazi mengine ya asili ya kukimbilia.