Chenji ya Kambini

Novemba 2001, wiki chache baada ya majeshi ya Marekani kuingia Afghanistan, maduka ya kambini yalipungukiwa na kitu ambacho kila muuzaji, awe Kariakoo au Kandahar, hukitafuta kabla hajafungua mlango. Yalikosa chenji. Wanajeshi walikuwa na noti za dola mfukoni, rafu zilikuwa na sabuni, sigara, betri na soda, lakini sarafu za kuwarudishia wateja hazikuwapo. Mwenye maduka alikuwa AAFES, shirika la Dallas, Texas, linalohudumia jeshi la nchi kavu na jeshi la anga la Marekani popote yalipo.

Sarafu zilikuwapo tele Marekani, ila kuzifikisha ndiko kulikokuwa kazi. Robo dola moja ina uzito wa gramu 5.67, kwa hiyo robo dola za jumla ya dola 100 zinapita kilo 2 na robo. Ukitaka dola 100 hizo hizo kwa sarafu za senti 5, unabeba kilo 10 kamili. Afghanistan haina bahari. Kila kilo ya chenji ingepanda ndege na kugombea nafasi na dawa, risasi, barua na vipuri vya helikopta. Hakuna ofisa wa usafirishaji ambaye angeacha sanduku la dawa ili apakie sanduku la senti.

Ndipo zilipotolewa pogi. Ni visahani vya karatasi ngumu, vya duara, vyenye upana wa milimita 41 hivi, vikubwa kidogo kuliko ile dola ya fedha ya zamani. Vilitolewa vya senti 5, senti 10 na senti 25. Cha senti 1 hakikuhitajika, kwani tangu mwaka 1980 maduka hayo huko Ulaya yalikuwa yameshaacha senti mojamoja na kuikadiria hesabu kwenye senti 5 iliyo karibu. Ukubwa wa vyote ni mmoja, kwa hiyo muuzaji hawezi kuvibagua kwa kupapasa kama anavyobagua sarafu. Lazima asome namba.

Kisheria, shirika la maduka haliwezi kutoa sarafu, maana hiyo ni kazi ya serikali. Kwa sababu hiyo pogi ni vocha ya zawadi, na maandishi yake yanasema hivyo: hubadilishwa kwa bidhaa katika duka lolote la AAFES. Askari aliyenunua soda kwenye kambi ya Bagram, Afghanistan, akarudishiwa senti 25 za karatasi alikuwa, mbele ya sheria, amekabidhiwa vocha ambayo angeweza kuitumia baadaye Ujerumani, Korea au kwao Marekani.

Jina walilitoa askari wenyewe. Huko Hawaii watoto walikuwa na mchezo wa kupigapiga vifuniko vya karatasi vya chupa za maziwa, na mwaka 1991 mwalimu Blossom Galbiso wa Waialua, kisiwani Oahu, aliufufua darasani kwake. Miaka michache baadaye mchezo ulikuwa umeenea Marekani nzima na nchi nyingine nyingi, ukiitwa pogi, kwa jina la juisi ya matunda ya huko iliyokuwa na vifuniko vya aina hiyo. Askari wa umri wa miaka ishirini na kitu aliyepelekwa Kandahar mwaka 2002 alikuwa mtoto wa shule wakati mchezo huo umepamba moto. Alipowekewa mkononi visahani vya karatasi, alivitambua papo hapo.

Jeshi na chenji ni kisa cha siku nyingi. Katika karne ya 19 vikosi vya Marekani vilifuatana na wachuuzi walioruhusiwa kuuza kambini. Askari akiishiwa kabla ya mshahara, mchuuzi alimkopesha kwa vipande vyake mwenyewe vya shaba vilivyochongwa jina la kikosi na la mchuuzi, na vipande hivyo havikununua kitu popote isipokuwa kwa mchuuzi yule yule. Siku ya mshahara deni lilikatwa. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 1866 Bunge la Marekani likauondoa mfumo huo. Mwaka 1895 ikaja amri kwamba makamanda waanzishe maduka ya kambi yenyewe, na hapo ndipo AAFES inapohesabu kuzaliwa kwake.

Sura nzito zaidi iliandikwa Berlin mwaka 1945. Mataifa yaliyoishinda Ujerumani yalitumia maki za kijeshi, na Marekani ilikuwa imewapa Wasovieti mabamba ya kuchapia maki hizo. Wasovieti walichapa nyingi sana na kuwalipa wanajeshi wao malimbikizo ya mishahara. Askari wa Kisovieti mwenye bunda la maki asizoweza kuzitumia kwao alikutana na Mmarekani mwenye saa ya mkononi na katoni ya sigara. Mmarekani aliuza, akachukua maki, akaenda ofisi ya jeshi kuzibadilisha na kutuma dola nyumbani. Kabla ya muda mrefu vikosi vilikuwa vinatuma nyumbani fedha nyingi kuliko mishahara viliyolipwa, na hazina ya Marekani ndiyo iliyokuwa inalipia tofauti hiyo.

Dawa yake ilitoka Septemba 1946, ikiwa ni noti maalumu za malipo ya kijeshi. Zilikuwa za karatasi tupu, hata senti 5, senti 10, senti 25 na senti 50, ili sarafu ya Marekani isionekane kabisa nje ya lango. Askari alilipwa kwa noti hizo na kununulia vitu kambini kwa noti hizo, na raia wa nje hakuruhusiwa kuwa nazo. Kwa miaka 27 zilipita toleo baada ya toleo, 13 kwa jumla, kuanzia Ulaya na Japani hadi Korea na Vietnam, na za mwisho ziliondolewa Korea mwaka 1973.

Nguvu ya mfumo huo ilikuwa siku ya kubadilisha, na hapa napenda kusimama kidogo, kwa sababu wakusanyaji wengi huzishika noti hizi bila kuifikiria siku hiyo. Haikutangazwa mapema. Asubuhi milango ya kambi ilifungwa, hakuna kutoka wala kuingia, na kila askari alipanga foleni kukabidhi noti za zamani apewe mpya zenye rangi na picha nyingine. Jioni ya siku hiyo za zamani zilikuwa karatasi tu. Vietnam ilifanyika Oktoba 1968, tena Agosti 1969, tena Oktoba 1970. Kilichokusudiwa ni kuwakomoa walanguzi wa soko la magendo, na kweli walikomolewa. Lakini nje ya lango kulikuwa pia na mama muuza chakula, fundi nguo, kijana mfua nguo, waliopokea noti hizo kwa sababu ndizo askari alizokuwa nazo. Sheria haikuwatambua, na dirisha la kubadilishia halikuwafungukia. Ndiyo maana noti za thamani kubwa za baadhi ya matoleo ni adimu leo, kwani zilizokabidhiwa ziliharibiwa na zilizobaki ni zile ambazo mtu alishindwa kuzibadilisha. Anayelipia noti kama hiyo fedha nyingi mnadani anastahili kujua kwamba kusalimika kwake kulikuwa hasara ya mtu.

Afrika Mashariki nayo ilipata fedha ya vita, ingawa ya asili nyingine. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza ziliifungia pwani ya koloni la Wajerumani, sarafu kutoka Ulaya zikakatika, huku askari na watu wengine wakitaka malipo yao. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Zikapigwa heller 5 na heller 20 kwa shaba, ikiwamo ya maganda ya risasi za mizinga, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa mji. Wakusanyaji wa dunia nzima wanaililia ile ya tembo. Mimi navutiwa zaidi na heller 20, kwa kuwa ndiyo iliyopita mikononi mwa watu, na nyingi zimelika nyuso kwa kutumika.

Tuirudie pogi. Tofauti yake na noti za 1946 ni kwamba haikutolewa ili kuzuia magendo. Dola za noti ziliendelea kutumika kambini kama kawaida. Pogi ilikuja kuokoa uzito peke yake, na kwa hiyo hakuna siku ya kuibadilisha. Yenye mwaka 2003 ilipokelewa pamoja na ya 2008. Vita vya Iraq vilipoanza mwaka 2003, pogi zilifika huko pia, na matoleo yakaongezeka mwaka hadi mwaka. Upande mmoja zina picha: helikopta, ndege za mizigo, vifaru, bendera, wanajeshi kazini. Upande wa pili kuna thamani, mwaka, jina la shirika, na alama ndogo ya tarakimu na herufi ambayo kwa mkusanyaji ndiyo cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa humwonyesha toleo na picha.

Zilitumika dukani na kwa wauza vyakula waliopangishwa kambini. Kandahar palikuwa na kiwanja kilichozungukwa na njia ya mbao, chenye pitsa, baga na kahawa, na mwaka 2010 Jenerali Stanley McChrystal, kamanda wa majeshi ya kigeni huko Afghanistan, aliamuru migahawa ya namna hiyo ifungwe. Pogi ni ushahidi wa maisha hayo ambayo picha za mapigano hazituonyeshi: foleni ya chakula cha mchana, katoni ya sigara, kadi ya salamu. Nyingine zilirudi nyumbani ndani ya begi na kubaki huko. Kila isiyorudishwa dukani ni bidhaa ambayo duka halikuitoa, na faida ya maduka hayo sehemu yake huenda kwenye michezo na burudani za wanajeshi wenyewe.

Wakusanyaji walianza mapema. Kwanza walikuwa askari waliojiwekea moja ya kila picha, kisha wapenzi wa zile noti za Vietnam, walioona kwamba ukoo umepata mtoto. Wengi hupanga kwa toleo, ndani ya toleo kwa thamani, ndani ya thamani kwa picha. Soko hupendelea mpya kabisa, zisizowahi kupita kwenye droo ya muuzaji. Mifuko ya sarafu ya kawaida huwa midogo kwa pogi, na plastiki laini ya PVC haifai, kwa kuwa hutoa kemikali zinazonata na kuharibu uso. Unyevu nao huvimbisha kingo na kuzitenganisha tabaka.

Sikubaliani na soko katika hili la upya. Pogi mpya ni kazi ya kiwanda cha uchapaji. Iliyochakaa ukingo, yenye mkunjo, yenye vumbi la jimbo la Helmand lililokwisha kuingia kwenye karatasi, hiyo imefanya kazi iliyotengenezewa. Nadhani pia tunakosea kuikusanya bila habari zake. Kipande kimoja kinachofuatana na kijikaratasi kinachosema kilipokelewa kambi gani, mwaka gani, baada ya kununua nini, kina thamani kwa mwanahistoria kuliko seti nzima iliyotoka kwenye sanduku. Waliozipokea mwaka 2001 wakiwa vijana sasa ni watu wazima wa miaka arobaini na kitu, wengi wao hai, na wanakumbuka.

Bagram iliachwa Julai 2021, na mwisho wa Agosti majeshi ya Marekani yalikuwa yameondoka Afghanistan. Anayeanza leo hana haja ya kukimbilia zilizo ghali. Atafute senti 5, senti 10 na senti 25 za mwaka mmoja, zilizotumika, amwulize anayemuuzia alizipata wapi, na ayaandike majibu siku hiyo hiyo kwa penseli, kwenye karatasi isiyo na asidi, ayaweke ndani ya mfuko mmoja na pogi zenyewe.