Kambi ya Mtoni, Isiolo

Kambi ya mtoni ni matembezi ya siku mbili au tatu yanayofanywa na kikundi cha marafiki, wanachama, wanafunzi au jamaa kwenye kingo za Mto Ewaso Nyiro, Kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Wageni hulala kwenye mahema na kujipikia. Wengi huenda katika hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, zilizo upande wa kusini wa mto, karibu na mji mdogo wa Archers Post, kilomita 35 hivi kutoka Isiolo mjini. Ng'ambo ya pili ni Hifadhi ya Samburu, ambayo iko chini ya kaunti jirani. Isiolo haina bahari wala ziwa la kutweka tanga. Ufuko wake ni mchanga wa mto huu, na mto ndio unaoamua tarehe ya safari, mahali pa hema na kiasi cha maji ya kubeba.

Mto wenyewe

Ewaso Nyiro huanzia kwenye safu za Aberdare na miteremko ya Mlima Kenya. Mito ya Naro Moru, Burguret na Nanyuki hushuka kutoka mlimani. Ewaso Narok hutokea upande wa Nyahururu, ambako huanguka mita zipatazo 74 kwenye maporomoko ya Thomson. Maji hayo yote hukusanyika katika nyanda za Laikipia, yakapita Archers Post na Shaba, yakashuka kwenye maporomoko ya Chanler, yakaelekea Merti na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Miaka ya mafuriko makubwa tu ndipo maji huvuka Lorian na kushika njia ya Somalia. Mmarekani William Astor Chanler, ambaye maporomoko yale yana jina lake, alifuata mto huu katika safari yake ya 1892 hadi 1893. Hadi wakati huo Lorian ilikuwa ikisemwa kuwa ziwa kubwa. Alichokuta ni kinamasi.

Jambo ambalo mpangaji hana budi kulishika ni kwamba karibu maji yote anayoyaona Archers Post hayakutokana na mvua ya hapo. Isiolo ni nchi kame. Mvua yake ni chache, ya msimu mrefu wa Machi hadi Mei na ule mfupi wa Oktoba hadi Desemba, na mara nyingi hukosa kabisa. Mto unalishwa na milima iliyo mbali upande wa kusini na magharibi. Kwa hiyo mbingu za Isiolo zinaweza kuwa safi, nyota zikaonekana zote, na maji yakawa yanakuja.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 4 Machi 2010. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha juu mtoni, mto ukapanda ghafla na kuzoa kambi za wageni zilizojengwa kwenye kingo zake, pamoja na kambi ya watafiti wa shirika la Save the Elephants. Zile zilikuwa kambi za kudumu, zenye watu wanaoishi kando ya mto huo mwaka mzima, si kambi za siku mbili. Kikundi kinachofika Ijumaa jioni na kutafuta mahali pazuri pa kupiga picha hakina mazoea ya kusikia mlio wa mto ukibadilika usiku.

Upande wa pili wa tabia ya mto ni kukauka. Mwaka uliotangulia mafuriko hayo, 2009, ukame ulikuwa mkali hata mkondo ukakatika ndani ya hifadhi. Ukame si sababu pekee. Juu kule, kuanzia Timau hadi Nanyuki, mashamba ya mboga na maua ya kuuzwa ng'ambo pamoja na maelfu ya wakulima wadogo huchota maji kutoka kwenye mito ileile, na kinachobaki kwa mfugaji wa Merti miezi ya kiangazi ni kidogo. Kugawana maji hayo kumeleta ugomvi wa miaka mingi, na vyama vya watumiaji maji vilivyoundwa kwenye mito ya juu vina kazi ngumu ya kuwapatanisha walio juu na walio chini. Mgeni anayekwenda kupumzika mtoni asidhani jambo hili halimhusu. Mto unapokatika, wafugaji huchimba visima kwenye mchanga wa mkondo, na kila kisima kina mwenyewe na zamu yake ya kunywesha. Kati ya Waborana, wazee wa dedha ndio wanaosimamia malisho na maji, na taratibu zao ni za zamani kuliko hifadhi zote za wanyama. Kuosha sufuria kando ya kisima cha mchangani, au kufunga hema kwenye njia ya mifugo kuelekea majini, ni kuwadhulumu watu ambao hawana mto mwingine.

Kuchagua tarehe

Miezi inayofaa ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila kaunti, na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kuhusu Isiolo, ikieleza hali ya maji, malisho na usalama. Taarifa hizo mbili zisomwe mapema, lakini utabiri wa Isiolo peke yake hautoshi. Usomwe pia wa Laikipia, Nyeri na Meru, kwa sababu huko ndiko maji yanakotoka.

Barabara yenyewe husaidia. Anayetoka Nairobi hupita Karatina, Naro Moru, Nanyuki na Timau kabla ya kuteremka Isiolo, na njiani huvuka mito mingi inayomwaga maji yake katika Ewaso Nyiro. Dereva apunguze mwendo darajani, na mmoja wa kikundi atazame. Maji ya matope yaliyojaa kingo kwa kingo pale Naro Moru ni habari ya kesho au keshokutwa kule Archers Post. Mahema siku hiyo yafungwe mbali na mto, hata kama mandhari ya hapo si mazuri. Kutoka Isiolo kwenda kaskazini, barabara ya Moyale ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi na mawe sasa ni lami, na magari madogo hufika Archers Post bila taabu. Ndani ya hifadhi ni jambo lingine: panahitaji gari la juu, na baada ya mvua hata hilo linaweza kukwama.

Ruhusa

Ingawa huitwa hifadhi za taifa, Buffalo Springs na Shaba haziendeshwi na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Zinasimamiwa na serikali ya Kaunti ya Isiolo, na kaunti ndiyo inayotoza kiingilio na ada ya kambi. Mpangaji aulize ofisini kabla ya safari viwango vya mwaka huo, njia ya kulipa, saa za lango na kambi zilizo wazi. Aulize pia kuhusu askari wa wanyamapori wa kukesha na kikundi. Sehemu hizi zimewahi kuwa na wizi wa mifugo na mapigano ya kugombea malisho. Hali hubadilika kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, na wanaoijua ni polisi, machifu na askari wa hifadhi walio pale pale.

Nje ya hifadhi, ardhi ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaitambua hivyo. Nani ana mamlaka ya kumkaribisha mgeni kwenye ardhi hiyo ni suala zito katika kaunti hii. Mnamo Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kuwa hifadhi ya jamii ya Biliqo Bulesa ilianzishwa kinyume cha sheria. Kwa hiyo risiti ya mtu mmoja mwenye lango isihesabiwe kuwa ruhusa ya kijiji. Salamu kwa chifu na wazee, zikitolewa kabla hema halijafunguliwa, ni sehemu ya mipango sawa na kununua mafuta ya gari.

Maji, chakula na mchango

Vikundi vingi vya Kenya huchanga kupitia simu, mweka hazina akiweka daftari na kusoma majina ya waliolipa. Utaratibu huo unafaa, ila tarehe ya mwisho ya mchango iwe juma moja kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari, kwani ada za hifadhi na gari hulipwa mapema na anayejiondoa dakika ya mwisho huwaachia wengine mzigo wake.

Maji ndiyo hesabu kubwa. Joto la mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara, na mtu mmoja apangiwe lita 10 kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Watu 12 kwa siku tatu wanahitaji lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20, na uzito huo pekee unadai nafasi kubwa ndani ya gari. Maji ya mto yasitegemewe hata ya kuoshea vyombo: yana matope na yana mamba. Katika Buffalo Springs kuna chemchemi za maji maangavu, na moja imejengewa ukuta ikawa bwawa ambalo wageni huogelea. Husimuliwa kuwa shimo lake lilitokana na bomu la ndege ya Kiitalia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hapo ndipo mahali pa kuogea. Mtoni hapana.

Chakula cha Isiolo mjini kinafaa kambi kuliko kile kinachobebwa kutoka Nairobi. Nyirinyiri, nyama ya ngamia au ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa ikahifadhiwa kwenye mafuta, hukaa siku nyingi bila barafu. Ilibuniwa na watu wa safari ndefu kwenye joto hilihili. Maziwa ya ngamia huuzwa mjini na akina mama. Ushirika wa Anolei wa Isiolo umejulikana kwa kukusanya maziwa hayo na kuyapeleka hadi Nairobi. Pamoja na unga wa ugali, maharagwe, vitunguu na majani ya chai, kikundi kina chakula chake, na fedha zake zimebaki kwa wenyeji. Kupikia kuwe kwa gesi au makaa yaliyonunuliwa. Kuni za kando ya mto zisiokotwe.

Usiku

Kingo za Ewaso Nyiro zimejaa mikoma na migunga mirefu, na kivuli chake humvuta kila mwenye hema. Lakini ndovu hupenda maganda ya mgunga, na yanapodondoka wakati wa kiangazi huja kuyaokota usiku. Hema lifungwe pasipo na maganda chini, wala samadi mbichi, wala njia iliyokanyagwa kuelekea majini. Matunda, hasa machungwa na ndizi, yasilazwe ndani ya hema. Ndovu huyanusa kutoka mbali na hema ni kitambaa tu kwake. Vyakula vyote vifungiwe garini, kwa sababu nyani na tumbili wa kambi hizi wamezoea watu na hufungua zipu. Viatu vikung'utwe asubuhi kwa ajili ya nge. Chandarua ni lazima, maana malaria ipo. Anayehitaji kutoka usiku amwamshe mwenzake, wamulike kwanza, ndipo watoke pamoja.

Asubuhi hulipa yote. Hapa wapo punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, choroa, swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani, twiga mwenye madoa kama wavu, na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya bluu. Watoto wa kusini mwa Kenya wanaojua punda milia mmoja tu hustahili kuwaona hawa, na shule zinazopanga safari zingefanya vyema kuja huku badala ya kwenda kila mwaka mahali palepale.

Kambi zilizojulikana

Shaba ndiko mwandishi Joy Adamson alikokuwa na kambi yake ya mwisho, akimzoesha chui kurudi porini, na ndiko alikouawa tarehe 3 Januari 1980. Mwaka 2001 Wamarekani 16 walipiga kambi humo kwa mchezo wa televisheni wa Survivor, msimu wake wa tatu.

Yenye maana kuliko hizo kwa watu wa mto ni misafara ya ngamia iliyoanza miaka ya 2010. Wafugaji wa jamii mbalimbali, wazee kwa vijana, hutembea kwa siku kadhaa kando ya Ewaso Nyiro, wakilala kingoni na kufanya mikutano vijijini juu ya maji yanayopungua na mpango wa bwawa kubwa la Crocodile Jaws. Hiyo pia ni kambi ya kikundi, yenye mpishi, ratiba na mweka hazina. Ngamia hubeba madumu na mahema, na kila usiku wenyeji wa kijiji ndio wanaoonyesha pa kulala.

Mashua

Ewaso Nyiro haufai mashua. Kiangazi maji hayafiki magotini na mchanga hujitokeza katikati ya mkondo. Mvua ikija, mto hubeba magogo mazima. Na mamba wapo nyakati zote mbili. Kikundi cha Isiolo kinachotaka tanga kielekee Lamu, ambako nahodha na mabaharia wake hukodishwa pamoja na jahazi au mashua, na wageni hulala ufukoni kwenye visiwa vya Manda au Kiwayu. Huko kinachosomwa ni upepo na maji kujaa na kupwa. Kaskazi, ya Desemba hadi Machi, huwa na bahari tulivu kuliko kusi, ambayo huwa kali kati ya Juni na Agosti, miezi ileile iliyo bora kwa kambi ya Isiolo. Kikundi chenye nia ya kufanya zote mbili katika mwaka mmoja kitangulie Lamu mwezi wa Januari, kisha kije mtoni mwezi wa Julai.